Nilitumwa Sandoa Kumleta Chipoya

Mmeniuliza mara tatu: kwenye baa ya Mama Chantal, mlangoni mwa kanisa, na hata kwenye kilio cha shemeji yangu, ambako watu wenye haya wangeniacha nilie kwanza. "Tata Ngoy, sasa Chipoya iko wapi? Mbona ulirudia peke yako?" Niliwajibu haraka haraka, na jibu lile lilikuwa la uongo. Kwa hiyo leo nimekaa mezani naandika, maana mdomo wangu nimeupima mara nyingi na hautoshi. Someni mpaka chini. Halafu mkitaka kunitukana, mtanitukana mkijua sababu.

Kapata: ukuta mmoja, majina matatu

Karatasi hii ikimfikia mtu asiye wa kwetu, ajue kwamba Kapata ni site, mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa kampuni ya migodi hapa Kolwezi, nyumba mistari mistari, na kwamba timu yetu ni Nyundo. Mwaka huu komite ilipata mchoraji wa kuchora uso wa golikipa, gardien kwetu, kwenye ukuta wa kiwanja, golikipa bora kupita wote toka timu izaliwe. Ni mmoja tu, kwa sababu ukuta wenyewe umebaki nusu. Basi wiki sita nzima hapakuwa na amani Kapata. Ndugu waliacha kusalimiana.

Tata Kalenga, rais wa komite, fundi wa karakana mstaafu, alikuwa upande wa Sumaku, golikipa wa zama zile kampuni iligawa unga na nyama kila mwezi.

"Sumaku alidakaka penati na mukono moja!" alisema.

"Mukono ingine ilikuwa inafanya nini, tata?" akauliza Fiston, kijana mchimbaji.

"Ilikuwa inashika kofia!"

Tulicheka. Fiston hakucheka. "Bazee, muko munasifu mutu mwenye alikula nyama. Gardien wetu wa leo, Eritye, anashuka mu shimo ku Mutoshi asubuhi, anatoka saa kenda, saa kumi iko mu goli. Mikono inatoka damu, na mupira haipite. Mumupeleke Sumaku mu shimo siku moja tu, tuone kofia."

Walibishana hivyo mpaka wakachoka. Kila mtu mwenye umri wangu alikuwa na jina la tatu kooni. Mwisho Mama Chantal mwenyewe, akikusanya chupa, alisema: "Gardien alikuwa Chipoya. Mwizi, lakini gardien alikuwa yeye."

Hakuna aliyebisha. Samweli Chipoya alidaka miaka saba kati ya Sumaku na hawa vijana, na kwa miaka yote saba mimi nilikuwa nyuma yake, kwenye benchi, na jezi kavu. Watu wanasema aliuza mechi ya kombe. Tata Kalenga akakata shauri: mtu aende Sandoa alikokimbilia, amwite. "Aye hapa, aombe pardoni mbele ya batu, tumuweke ku ukuta. Akikataa, tunaweka Sumaku, na fujo imeisha." Wakaandika barua, wakaifunga. Halafu wote wakanitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa nduguye wa benchi.

Sasa sikieni, nalisema hapa mwanzo ili msiniambie nilificha mpaka mwisho. Kosa ambalo Chipoya aliitwa kuliombea msamaha halikuwa lake. Lilikuwa langu. Ningeweza kusema siku ile ile, watu wote walikuwapo. Nilisema: "Nitaenda."

Kapata mpaka Mutshatsha

Tuliondoka na jeep iliyobeba mafuta ya kula, chumvi, sabuni na watu kumi na wanne. Mimi nilikaa juu ya gunia la chumvi, na mfuko wangu magotini: barua ya komite, jezi mpya ya Nyundo waliyonipa nimpelekee, na picha yangu ya timu, ile iliyo kwenye kioo na mbao. Ya klabu mnaijua, uso wa Chipoya umekwaruzwa na msumari. Yangu ni nzima.

Kwenye baryeri ya kwanza, kizuizi cha barabarani, askari alinyanyua mfuko akauona mzito. Mtu atokaye Kolwezi na mfuko mzito, tayari anabeba mawe ya madini ya watu.

"Fungua, tata. Ni cobalt?"

"Ni timu," nikamwambia.

Alifikiri namtania. Alitoa jezi, akaitikisa, akatoa picha akaigeuza, akagonga mbao kusikia kama ndani kuna kitu. Abiria wote walikuwa wakinilaani kwa sauti, mama mmoja akisema samaki wake wanaoza kwa sababu ya mzee na picha yake. Halafu yule askari akaanza kuitazama picha kweli kweli. Kumbe naye mpira unamwasha. Akawaita wenzake wawili, wakaanza kuuliza mmoja mmoja.

"Gardien ni huyu murefu?"

"Ndiyo."

"Alikuwa nguvu?"

"Nguvu sana."

"Na huyu wa chini, mwenye kukaa pembeni sawa mutu wa kuhurumia?"

"Ni mi."

Akanitazama, akaitazama picha. "Ulicheza?"

"Nilikaa," nikasema.

Walicheka mpaka mmoja akashika mti. Walituachia kwa kicheko kile, na abiria nao wakanisamehe, ila mama wa samaki. Saa nzima tulipoteza pale. Mimi sikucheka. Miaka saba nilikaa, na mtu wa baryeri aliiona kwa dakika moja.

Mutshatsha tulifika jua likiwa bado juu. Nilikula bukari na sombe, ugali na kisamvu, kwa mama mmoja karibu na reli, sombe nzuri yenye mawese mengi, na nikalala mapema kwa mlinzi wa stesheni, mtu wa kanisa letu. Aliniuliza naenda kufanya nini Sandoa. Nikamwambia naenda kumwona ndugu. Neno ndugu lilinichoma mdomo, lakini lilipita.

Mutshatsha mpaka Kasaji

Hapa niliingia kamiyo, lori la mizigo. Shofa alikuwa Tata Banza, mtu wa maneno machache na koti la mvua ambalo hakulivua hata kwenye jua. Siku ile ile mchana kamiyo ikazama mchangani mpaka ekseli, tukakaa hapo siku mbili. Siku mbili! Tulichimba, tukakata matawi tukayaweka chini ya magurudumu, ikasogea hatua tatu, ikazama tena. Tata Banza alikuwa akisema tu, "Haina mbali," na hakutuambia mbali na nini.

Chakula kiliisha jioni ya kwanza. Mwanamke wa kijiji cha karibu alituletea mihogo ya kuchemsha na binkubala, wale viwavi wa kukausha, na sijawahi kula binkubala watamu namna ile, au labda ilikuwa njaa. Mlikuwa mnaniuliza kama nilipata raha yoyote njiani. Ni hiyo.

Tulikuwa na vijana watano kutoka machimbo ya Mutoshi, wanarudi kwao kulima kwa muda kwa sababu shimo lao lilikuwa limeanguka. Siku ya pili, kazi ya kuchimba mchanga ilipotuchosha, walifunga mifuko ya plastiki na kamba, wakapata mpira, wakaweka makopo mawili ya mafuta kuwa goli. Nilikaa chini ya kamiyo nikitazama. Mmoja akapiga shuti la kitoto, mpira ukatambaa taratibu, kipa akainama, ukapita chini ya mkono wake. Wote wakapiga kelele:

"Amepiga Chipoya! Amepiga Chipoya!"

Nilitoka chini ya kamiyo. Nikamwuliza yule kipa, kijana wa watu, ana vumbi mpaka kwenye kope: "Mulisema nini?"

"Chipoya, tata. Ukiacha goli ya bure, sawa banakulipa, njo kupiga Chipoya."

"Chipoya ni nani?"

Wakatazamana. "Haiko mutu, tata. Ni neno tu. Ku Mutoshi bote banaisema."

Nilirudi chini ya kamiyo nikalia, ndiyo, mzee mzima, na nikawaambia ni vumbi. Mtu nilimjua, nilijua sauti yake ya kuimba akioga, alikuwa akigawana nami mkate wake kabla ya mechi, na sasa si mtu tena, ni neno la kuchekea kipa mbovu. Na nililipanda mimi.

Hadithi ni hii. Wazee mnakumbuka marehemu Tata Kaumba, mkubwa wa wapenzi wa timu. Kabla ya kila mechi kubwa alikuwa akileta kifundo cha kitambaa chekundu, na golikipa alipaswa kukifunga kwenye kona ya wavu, chini, kusikoonekana. Bila hicho, kwa imani ya watu, goli liko wazi. Chipoya alikuwa mtu wa Kimetodisti, baba yake mhubiri. Mechi ndogo ndogo alivumilia, alikitia kifundo mfukoni akakirudisha. Siku ya kombe alikataa kabisa. Alinipa mkononi, tukiwa tunavaa viatu. "Ngoy, umurudishie Tata Kaumba. Umuambie kwa heshima, mi nitadaka na mikono."

Sikukirudisha. Nilikitia kwenye soksi yangu. Na mnataka kujua kwa nini? Kwa sababu niliamini. Nilifikiri nguvu ya Chipoya yote imo mle ndani, na kwamba nikikaa nacho kwenye benchi, nguvu itahamia kwangu, na siku moja nitaitwa jina na uwanja mzima. Dakika tisini nilikaa na kile kifundo kikinisugua kifundo cha mguu. Tukafungwa mbili bila.

Watu wakaenda kwenye wavu wakatafuta, wakakuta hakuna kitu. Ikasemwa ameuza dawa kwa wapinzani. Komite ikatuita wote wawili. Chipoya akasema, bila wasiwasi wowote, "Nilimupa Ngoy airudishe," na akanigeukia akitabasamu, kwa kuwa jambo lilikuwa rahisi, lilihitaji neno moja. Tata Kaumba akaniuliza: "Alikupa?"

Nikasema: "Hakunipa kitu."

Mengine mliyaona. Mawe juu ya bati lake. Mkewe kufukuzwa kwenye foleni ya bomba. Wiki ya tatu walipanda treni na watoto na godoro, na hakuna mtu aliyewasindikiza, hata mimi. Nikapewa jezi namba moja. Misimu miwili nilidaka, kama hiyo tunaiita kudaka, nikiokota mipira nyavuni. Kifundo nilikifungua siku nilipoachwa na timu: chumvi, msumari na kipande cha mzizi. Nikakitupa chooni.

Asubuhi ya tatu kamiyo ilitoka mchangani, na wale vijana walinisaidia kupanda wakiniita papa.

Kasaji mpaka Sandoa

Kasaji nilikula kwa Mama Odia, karibu na soko. Aliweka bukari, mboga ya ngai-ngai na bitoyo, samaki wa chumvi, mbele yangu, nami sikuweza kumeza. Nilikaa nimeshika barua mkononi, macho chini. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Kolwezi. Naenda kwa nani? Kwa Tata Chipoya, Sandoa. Barua inasema nini? Nikatikisa kichwa tu.

Mnajua desturi yetu. Mtu anayebeba habari ya kifo hali vizuri wala hasemi sana, mpaka afike kwa wenye msiba. Mama Odia aliniondolea sahani polepole, akaweka mkono begani pangu, akasema "Pole, tata," akaenda kuongea na kijana wa pikipiki kando. Nilisikia mwisho tu: "Umupeleke pole pole. Anabeba kilio."

Ningesema: hapana, mama, hakuna aliyekufa. Nilikuwa nimechoka, na moyoni nikaona labda afadhali hivyo, hakuna atakayeniuliza maswali. Nikanyamaza. Tabia yangu hiyo mmeshaijua.

Kijana wa pikipiki aliniendesha polepole njia nzima. Kwenye vijiji alikuwa akipunguza mwendo na kuwaonyesha watu ishara, nao waliokuwa na kofia wakazivua. Mvua ilitukuta mara mbili. Kwenye daraja moja la magogo tulishuka tukasukuma, na mzee mmoja aliacha mzigo wake wa kuni akaja kutusaidia bila kuombwa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilipokea pole za watu wa njia nzima, kama mtu anayekula cha marehemu ambaye hakuwapo.

Tulifika Sandoa jua likielekea mto Lulua. Nyumba ya Chipoya ilikuwa ya matofali ya udongo, safi, shamba la mananasi nyuma. Kabla sijashuka vizuri, kijana alivua kofia akamwendea mwanamke aliyekuwa akianika mihogo, akamwambia kwa upole: "Mama, ikala chini."

Mama Rejina, mke wa Chipoya. Alinitazama, akanitambua, akaona barua. Ungo ukamtoka mkononi. "Solanji!" alipiga kelele. "Mutoto yangu! Solanji!" Binti yao yuko Lubumbashi, ana mimba ya miezi tisa, nami sikujua. Alijitupa chini kwenye mihogo, majirani wakatoka mbio, wanawake watatu wakaanza kulia kabla hata hawajajua wanamlilia nani. Mimi nilisimama. Mdomo wangu ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka. Haki ya Mungu sijui ilikuwa muda gani, labda mtu angehesabu mpaka ishirini, na mama yule alikuwa akijipiga kichwa kwenye udongo.

Chipoya alitokea nyuma ya nyumba, jembe begani. Hakupiga kelele. Alinitazama usoni, akaniuliza: "Ngoy. Mutoto yangu amekufa ao hakufa?"

"Hakufa," nikasema. "Hakuna mwenye amekufa. Nilitumwa na timu."

Mama Rejina aliinuka, uso una vumbi na machozi, akanizaba kofi ambalo sikio langu bado linalia nalo mpaka leo. Ni haki yake. Chipoya aliweka jembe chini.

"Miaka yote hii," akasema, "na mpaka leo unashindwa kusema neno moja mu saa yake."

Sandoa

Waliniweka kwenye kiti, kwa kuwa ni watu wa heshima, mgeni haachwi amesimama. Wanawe wawili, wanaume wazima, walikaa pembeni. Chipoya ni mwembamba sasa, na ndevu nyeupe, lakini mikono ni ile ile, mikubwa kama sepetu. Alisoma barua ya komite na miwani ya mkewe. Aliisoma mara mbili.

"Banataka mi niombe pardoni."

"Ndiyo, kaka."

"Mbele ya batu. Halafu banichore."

"Ndiyo."

"Na we ulibeba hii barua toka Kapata mpaka hapa. Ulijua iko na nini ndani?"

"Nilijua."

Akakunja karatasi, akaiweka juu ya goti. Hapo nilitelemka kwenye kiti nikapiga magoti, na nikasema mbele ya mkewe na wanawe: "Kaka, ulinipa ile kifundo. Niliificha mu soksi. Balipouliza, nilikana. Nimekosa kwako, na kwa mama, na kwa batoto." Nililia tena. Nilidhani nikilia yeye naye atalia, tutashikana, mambo yataisha. Nilikuwa nimelitengeneza tukio lile kichwani toka Mutshatsha.

Hakulia. Mtoto wake mkubwa alisimama akatoka nje, tukasikia akipasua kuni kwa nguvu, ingawa kuni zilikuwepo. Chipoya alisema: "Simama, Ngoy. Magoti yako itauma bure. Hapa Sandoa hukunisemeaka mubaya hata siku moja. Hapa bananijua mulimaji wa mananasi. Ulinisemea ku Kapata. Sasa unakuya kunitupia mi maneno hapa, mu nyumba yangu, fasi yenye hakuna mutu wa Kapata, ujisikie mwepesi, urudie? Hapana. Rudia kule kule. Useme kule."

"Na pardoni yangu?"

"Nimeisikia. Sikusema nimeipokea."

Tulikula. Mama Rejina alileta bukari ya muhogo na samaki wa Lulua, akaweka sahani yangu kwa nguvu hata mchuzi ukaruka. Kati ya tonge na tonge, Chipoya aliniuliza, bila kunitazama: "Kule banasema gardien wa muzuri ni nani?"

Nikamweleza Sumaku na penati na kofia, nikamweleza Eritye wa Mutoshi. Ndipo kidogo akatabasamu, mara ya kwanza. "Sumaku nilimuona nikiwa kijana. Alirukaka muzuri sana. Lakini gardien wa kurukaruka, ujue alichelewa kufika fasi ya mupira. Aliruka sababu alichelewa." Akatafuna. "Huyu mutoto, unasema anadaka na mikono ya bidonda?"

"Kila siku. Akitoka mu shimo."

"Bamuchore yeye. Mi nilikuwa na glavu."

Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Batoto ba Kapata banajua jina yangu?"

Nikamwambia: "Banaijua, kaka. Bote banaisema." Akaitikia kwa kichwa, akafurahi kidogo, mzee wa watu. Sikumwambia wanaisemaje. Kama hilo nalo ni uongo, niandikieni pamoja na mengine.

Jezi aliikataa. Picha aliishika muda mrefu dirishani, akamwonyesha mwanawe wa pili kila mtu na jina lake, akaruka mmoja, mimi. Asubuhi Mama Rejina alinifungia mihogo na samaki kwenye majani. "Sikupe sababu yako," akaniambia. "Nakupa sababu njia ni murefu." Picha niliwaachia. Ndiyo pekee iliyo na uso wake mzima.

Sandoa mpaka Kapata

Kurudi kulikuwa haraka kuliko kwenda, na hilo liliniuma, nilitaka njia iwe ndefu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Kasaji nilipita kwa Mama Odia nikamweleza kwamba hakuna aliyekufa na nini kilitokea kwa sababu yangu. Alinitukana kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya kwao, na alipomaliza nilijisikia nafuu kuliko baada ya magoti yangu yote. Nikasema: ee, kumbe inawezekana. Mtu anasema, anatukanwa, na bado anapumua. Nilitoka pale nimeapa kwamba nitakaposhuka Kapata, kabla ya kunywa maji, nitasema.

Nilishuka Kapata. Mlikuwa mmekaa kwa Mama Chantal, kumi na zaidi, Tata Kalenga katikati. Mlipiga makofi mliponiona. Mkanipa kiti, mkaweka chupa baridi mbele yangu.

"Haya, Tata Ngoy! Mutu wetu iko wapi?"

Na mimi, nikiwatazama nyuso zenu, nikasema: "Amezeeka sana. Hana nguvu ya safari."

Tata Kalenga akapiga meza. "Sikuambiaka? Mwizi anaogopa! Mwache abakie kule kule na aibu yake. Sumaku anaingia ku ukuta." Fiston akasonya. Mtu mmoja nyuma akasema, "Amepiga Chipoya tena," na mkacheka. Na mimi nilicheka. Hilo liandikeni kwa herufi kubwa: nilicheka, na chupa nikaimaliza.

Hiyo ilikuwa mara ya pili nilimkana, na safari hii hakuna hata aliyenilazimisha, hapakuwa na mawe wala jezi ya kugombea. Ndiyo maana naandika. Karatasi haiangalii uso wa mtu. Nakala moja nimempa Mama Chantal aibandike ukutani kwake, moja nimempelekea mchoraji, moja Tata Kalenga ataikuta chini ya mlango wake, na moja inapanda kamiyo ya Tata Banza, kisha pikipiki, mpaka Sandoa.

Mlikuwa mnataka mtu aje asimame mbele ya watu wote kiwanjani, kabla ya mechi ya Jumapili, aombe pardoni. Msitume mtu mbali tena. Yuko hapa Kapata, na Jumapili atakuja kwa miguu.